Natafuta mafundi sita wa kushona sare: msaada wa kuajiri na kufundisha uko wapi Dar es Salaam?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Mabibo, nina mafundi wanane. Shule mbili zimenipa oda ya Januari na nimepiga hesabu nikaona nahitaji wengine sita. Shida zangu ni mbili. Vijana wanaokuja wana vyeti, lakini ukimweka kwenye overloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, anatetemeka. Na yule ninayemfundisha mwenyewe, akishaiva anahamia Kariakoo. Jirani yangu anasema serikali inawasaidia waajiri kupata watu na kuwafundisha. Mwingine anasema nikifikisha watu kumi ndiyo kwanza nitaanza kutozwa. Nani mkweli, na nianzie wapi?

Jibu: Dada, wote wawili wamekwambia kweli, ila kila mmoja kashika kipande chake. Msaada upo, tozo nayo ipo, na tutaona mbele kidogo kwamba vitu hivyo viwili ni ndugu.

Kwanza nikuondolee matumaini ya aina moja, maana yamewapotezea muda waajiri wengi wanaonijia. Hakuna dirisha hapa mjini ambapo mwajiri anakwenda na barua ya maombi akapewa fedha za kuwalipa watu wapya mishahara. Nimewaona watu wakilitafuta dirisha hilo miezi mitatu, na mmoja akatoa laki mbili kwa kijana aliyedai analijua. Msaada wa kwetu una sura nyingine. Unatafutiwa mtu au anachujwa kwa ajili yako. Anafundishwa, anapimwa, anapewa cheti. Mara nyingine ada au posho yake inalipwa na fungu la serikali wakati yeye yuko mikononi mwako anajifunza. Hiyo ni faida kubwa, lakini inamfikia mwajiri aliyejiandaa kupokea, na maandalizi yenyewe yanaanzia ndani ya karakana yako.

Umesema unahitaji mafundi sita. Naomba nibishane nawe kidogo hapo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye karakana moja Buguruni. Mwenyewe alitaka mafundi cherehani kumi, na alitaka haraka. Nilimwomba siku tatu nisimame tu pembeni na daftari. Siku ya kwanza niliona mafundi wamefika saa mbili asubuhi, wamekaa, wanapiga soga, cherehani zimefunikwa. Kazi ilianza saa tano. Kwa nini? Mkataji alikuwa mmoja, na vitambaa vilivyokatwa jana yake vilikwisha jioni ile ile. Watu wote wale walikuwa wanamsubiri mtu mmoja mwenye mkasi. Tulimwongezea wakataji wawili na meza ndefu, na mwezi uliofuata karakana ile ile, kwa cherehani zile zile, ilitoa kazi ambayo alidhani ingehitaji watu kumi zaidi.

Kwa hiyo chukua shati moja na sketi moja, ufuate safari yake kuanzia kitambaa kinapotandikwa mezani hadi sare inapoingia kwenye mfuko. Kukata. Kuunga mabega na mikono. Kola, ambayo ndiyo inayomtofautisha fundi na mwanafunzi. Overloki. Pindo. Matundu na vishikizo. Kukata nyuzi, kupiga pasi, kufungasha. Andika kila hatua inachukua dakika ngapi na ni wapi vipande vinarundikana. Sitashangaa ukigundua kwamba kati ya watu sita unaowataka, unahitaji mkataji mmoja mzoefu, mmoja wa kola, wawili wa overloki, na wawili wa umaliziaji ambao hata wasiowahi kushika cherehani wanaweza kufundishwa ndani ya wiki mbili. Sasa huajiri mafundi sita tena. Unaajiri wazoefu wawili na wanaojifunza wanne, na hao wanne ndio ambao msaada unakuja kwa ajili yao.

Karatasi hiyo usiitupe. Ofisi yoyote nitakayokutaja hapa chini itakuuliza swali lile lile: unataka mtu wa kufanya nini hasa? Mwajiri anayejibu "nataka fundi mzuri" anaondoka mikono mitupu. Anayejibu "nataka mtu wa overloki ya nyuzi nne, anayeweza kuunga mashati hamsini kwa siku baada ya mwezi mmoja wa mafunzo" anapata msikilizaji.

Sasa tuje kwa vijana wako wenye vyeti wanaotetemeka. Naomba usiwadharau, na usikidharau cheti chao. Kijana aliyesoma ushonaji chuoni amefundishwa kushona nguo nzima peke yake, kuanzia kupima mwili hadi kishikizo cha mwisho, na mara nyingi kwa cherehani aliyokuwa akiishika kwa zamu na wenzake. Hakuna aliyemhesabia dakika. Wewe unamweka mbele ya overloki ya kiwandani inayopiga mishono maelfu kwa dakika, unampa kipande kimoja kidogo akirudie mara mia mbili, na kuna mtu nyuma yake anasubiri. Hiyo ni kazi nyingine. Ujuzi wa msingi anao: anajua kitambaa, anajua uzi, anajua kwa nini mshono unakunjamana. Kinachokosekana ni wiki mbili tatu za mkono kuzoea mashine, na jambo hilo haliwezekani kufundishwa vizuri mahali pengine ila kwenye karakana kama yako.

Ndiyo maana nakushauri uende mwenyewe chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kilichopo Chang'ombe, Temeke, kabla hujabandika tangazo lolote kwenye nguzo. Ulizia fani ya ubunifu wa mavazi, ushonaji na teknolojia ya nguo, na umtafute mwalimu anayefundisha, siyo mtu wa mapokezi peke yake. Mwalimu anawajua wanafunzi wake kwa mikono yao. Anajua nani anachelewa, nani ana subira ya kola, nani anaharibu kitambaa akiwa na haraka. Mwambie mambo mawili. La kwanza, kwamba uko tayari kupokea wanafunzi wawili wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. La pili, uliza kama chuo kinaweza kuwaandalia watu wako kozi fupi, kwa sababu VETA hutoa kozi fupi na huwa inaandaa mafunzo kwa mahitaji ya mwajiri mmoja mmoja.

Fildi waajiri wengi wanaiona kama kero: wanaletewa mtoto wa watu, wanamtuma chai na vocha, wanamsainia kitabu, kwaheri. Wanapoteza nafasi nzuri kabisa ya kumjaribu mtu kabla ya kumwajiri. Wiki kadhaa za kumwona akifanya kazi zinakwambia zaidi kuliko usaili wowote utakaoufanya kwenye kiti. Mpe kazi halisi, mpe mtu wa kumsimamia, jaza kitabu chake kwa ukweli. Akifaa, mwambie kabla hajaondoka kwamba utamwita, na umwambie tarehe.

Kuna chombo kingine, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, kilichoanzishwa mwaka 2008. Kazi yake ni kusajili watafuta kazi, kuwanoa namna ya kujieleza na kuwaunganisha na waajiri. Pia husimamia mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Kwa uzoefu wangu, ukitaka fundi cherehani, VETA itakufaa zaidi. Kwa TaESA utakutana na wahitimu wengi wa vyuo vya kati na vyuo vikuu. Lakini fikiria hili: ukifikisha watu 14, nani atashika daftari la mahudhurio, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), makato na stoo ya vitambaa? Wewe mwenyewe usiku, baada ya kufunga? Mhitimu wa uhasibu anayetafuta uzoefu anaweza kukuondolea mzigo huo, na yeye akaondoka na barua ya kazi yenye maana.

Ukiletewa wakala binafsi, omba kuona leseni yake. Na anayewatoza vijana fedha ili awalete kwako, mkatae hata kama vijana wake ni wazuri. Wataanza kazi wakiwa na deni na watakuondokea kulilipa.

Jirani yako aliyesema serikali inasaidia, naamini alikuwa anazungumzia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyoanza mwaka wa fedha 2016/17 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ina sehemu zake: uanagenzi kwa vijana wanaojifunza ufundi, mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, na urasimishaji wa ujuzi kwa waliojifunza mtaani. Mwaka 2017 ulitolewa mwongozo wa uanagenzi na mwingine wa mafunzo kwa wahitimu, inayoeleza wajibu wa mwajiri, wa chuo na wa kijana. Tena ushonaji haukuachwa nje. Vijana walifundishwa kushona ndani ya kiwanda cha Tooku, hapo hapo kwa majirani zako, kwenye eneo maalum la uzalishaji la Mabibo External. Kile ni kiwanda kikubwa na wewe ni karakana ya watu wanane, lakini wazo ni moja: kijana anafundishwa kwenye mashine anayokwenda kuifanyia kazi.

Uanagenzi una utaratibu wake. Panakuwa na makubaliano ya maandishi kati yako, kijana na chuo. Kijana anagawa muda wake, sehemu darasani na sehemu kwako. Wewe unatakiwa kuwa na mashine zinazofanya kazi, mahali salama, na fundi mlezi anayejua anachofundisha. Nafasi hizi hutolewa kwa awamu, hazipo wazi mwaka mzima, kwa hiyo usisubiri tangazo ndipo ukimbie. Peleka jina la karakana yako mapema chuoni na kwa ofisi ya kazi, ili awamu ikifunguliwa wawe wanakujua. Na tafadhali, mwanagenzi asiwe jina jipya la kibarua wa bei nafuu. Nimeona karakana ambako kijana alifagia na kukata nyuzi mwaka mzima. Aliondoka hajui overloki, na mwenye karakana akabaki analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawafundishiki.

Umeona nilivyosema fundi mlezi. Hapa ndipo nataka tukae, maana ndipo waajiri wengi wa saizi yako wanapopita bila kuangalia.

Kati ya mafundi wako wanane, naamini yupo mmoja au wawili ambao hawakuwahi kukaa darasani. Walijifunza kwa mjomba barazani, au kwa fundi wa mtaani Manzese au Keko, wakianza kwa kuchomeka uzi na kupiga pasi, hadi siku moja wakakabidhiwa mkasi. Leo ndio unaowategemea. Kola ikigoma, wanaitwa wao. Lakini kwenye karatasi hawapo. Ukitaka zabuni kubwa na mnunuzi akauliza mafundi wako wana sifa gani, huna la kuonyesha. Ukitaka kupokea wanagenzi na ukaulizwa mlezi ni nani, unamtaja mtu asiye na kipande cha karatasi.

Urasimishaji wa ujuzi umetengenezwa kwa ajili ya watu hao. Fundi anajisajili VETA, anaeleza amefanya nini na kwa miaka mingapi. Mpimaji anamkuta kwenye mazingira ya kazi, anamhoji na kumtazama akifanya kazi kwa mikono yake. Panapoonekana pengo, labda kusoma vipimo vya kitaalamu, labda usalama, labda kupiga hesabu ya kitambaa, anapewa mafunzo mafupi ya kuziba pengo hilo. Akifuzu anapata cheti kinachotambulika. Halazimiki kuacha kazi akakae darasani mwaka mzima na watoto wa umri wa wanawe. Na wale wanaoingia kupitia programu ya serikali hugharimiwa.

Nimesimama kwenye ugawaji wa vyeti hivyo zaidi ya mara moja. Ungemwona mzee wa miaka hamsini na kitu akikishika cheti kwa ncha za vidole, akisita kukikunja kiingie mfukoni. Aliniambia mwanawe wa sekondari alikuwa akiandika "hana kazi" kwenye fomu za shule, sehemu ya kazi ya baba, kwa sababu fundi wa barazani haikuhesabika kuwa kazi.

Najua utaniuliza: akishapata cheti si ndiyo ataniondokea kabisa? Anaweza. Lakini huyo wa miaka yote hajakaa kwako kwa kukosa cheti, na Kariakoo haijawahi kuuliza vyeti. Mtu wa aina yake, ukimkabidhi pia vijana wawili wa kulea na nyongeza ya mshahara kwa kazi hiyo, umempa cheo ambacho mtaani hakipo. Na kwako wewe, fundi mmoja aliyerasimishwa ndiye anayefungua mlango wa fildi, wa uanagenzi na wa kozi fupi, kwa sababu vyote hivyo vinauliza nani atafundisha.

Kuhusu hao wanaohama, nina shaka kwamba sababu ni Kariakoo kulipa zaidi tu. Biashara ya sare ina msimu. Novemba hadi Januari hamlali. Kufika Machi hakuna kitu. Kama unawalipa kwa kipande peke yake, maana yake Machi unawaambia waende kwa namna ya upole. Ukitaka wabaki, tafuta kazi ya kujaza miezi hiyo: ovaroli za gereji, aproni za hoteli, mashuka ya zahanati, majoho ya mahafali. Weka mshahara wa msingi usiopungua kima cha chini kinachotangazwa kwa sekta yako, kisha kipande kiwe nyongeza juu yake. Halafu panga ngazi tatu za ujuzi zinazoonekana ukutani, kila ngazi na mshahara wake: anayejua pindo na umaliziaji, anayejua overloki, anayejua kola na kukata. Kijana akijua kwamba akimudu overloki mwezi wa sita anapanda, anakuwa na sababu ya kungoja. Bonasi ya mwisho wa msimu ilipe Machi, usiilipe Desemba.

Mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inataka mwajiriwa apewe maandishi yanayoonyesha jina lake, kazi yake, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa na ujira. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Msimu ukipamba moto, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kukitokea mgogoro na wewe huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuangukia wewe. Weka kipindi cha majaribio na kiandike. Na wasikushauri watu ushike vyeti vya vijana ili wasiondoke, au uzuie mshahara wa mwezi wa mwisho kufidia gharama za mafunzo. Makato yasiyo ya kisheria yanahitaji ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi mwenyewe, na ukikiuka utajikuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wakati ungetakiwa kuwa unakata vitambaa.

Sasa tozo. Jina lake ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, wengi tunaiita SDL, na imo katika Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994. Zamani ilimgusa mwajiri mwenye watu wanne. Tangu Julai 2021 inamgusa mwenye watu 10 au zaidi. Kiwango nacho kimekuwa kikishuka. Kilikuwa asilimia 6, mwaka 2013 kikawa 5, mwaka 2016 kikawa 4.5, mwaka 2021 kikawa 4 na mwaka 2023 kikawa 3.5. Mabadiliko huja na Sheria ya Fedha kila Julai, kwa hiyo piga hesabu kwa kiwango kilichopo mwezi unaovuka kumi. Kumbuka mambo mawili ambayo watu hukosea. Tozo inapigwa kwenye mishahara ya wote, wale tisa wa kwanza wakiwemo. Na ni ya mwajiri: haikatwi hata senti kwenye mshahara wa fundi. Inalipwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, pamoja na kodi ya mishahara.

Tufanye mfano. Mafundi 14, kila mmoja shilingi 300,000, jumla 4,200,000. Kwa asilimia 3.5, tozo ni 147,000 kwa mwezi. Mchango wako wa NSSF wa asilimia 10 ni 420,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa asilimia 0.5, ni 21,000. Ukijumlisha unapata 588,000, yaani 42,000 kwa kila fundi juu ya mshahara wake. Kama karakana inatoa sare 1,400 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 420 kwa kila sare. Andika 420 hiyo kwenye bei unayowapa shule sasa, kabla hamjasaini, kwa sababu Januari hawatakubali uiongeze. Kodi ya mishahara kwenye mfano huu haipo: fundi wa 300,000 akishakatwa NSSF yake ya 30,000 anabaki na 270,000, na kiasi hicho hakitozwi.

NSSF na WCF hazingoji ufikishe kumi. Zinakuhusu tangu fundi wa kwanza, na kama hao wanane hawajaandikishwa, hilo litangulie hata kuajiri.

Najua kuna watu watakushauri ubaki na tisa kwenye daftari na hao watano wawe "deiwaka". Siku sindano ya overloki itakapopita kwenye kidole cha deiwaka wako, au pasi ikamwunguza, hakuna mfuko utakaosimama nyuma yako. Matibabu ni juu yako, lawama ni zako, na oda inasimama. Tena mtu asiyeandikishwa huwezi kumpeleka kwenye uanagenzi wala urasimishaji kama mfanyakazi wako. Unaikwepa 147,000 na kujifungia milango yote niliyokuonyesha. Fedha za tozo hii ndizo zinazoendesha VETA kwa sehemu kubwa. Ukiilipa, nenda Chang'ombe ukaidai kozi kama mtu aliyeichangia, kwa sababu umeichangia kweli.

Jambo moja ninalolipigania kila ninapopata nafasi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Wewe hujafika huko. Lakini chuo cha ufundi stadi cha watu wenye ulemavu kipo Yombo, mji huu huu, na nadhani unapaswa kwenda kabla sheria haijakulazimisha. Fundi asiyesikia anafanya kazi kwenye chumba chenye kelele za cherehani kumi bila kuchoka nazo. Mahitaji yake ni madogo: taa ya kuwaka badala ya kengele, maelekezo ya kuonyeshwa kwa mkono na sampuli iliyotundikwa, na mwenzake mmoja aliyejifunza alama chache. Mwenye miguu dhaifu anahitaji meza ya urefu wake na njia isiyo na ngazi. Mafundi bora wa umaliziaji niliowahi kuwaona kwenye karakana ndogo walikuwa wasiosikia wawili, na mwenye karakana ile hakuwahi kulalamika kwamba wanahama.

Vingine nitaje kwa kupita. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ofisi yao ya Vingunguti, wanafundisha mambo ya kuendesha biashara ndogo ya uzalishaji, nao watakufaa wewe zaidi kuliko mafundi. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wanatoa mafunzo ya usalama na huduma ya kwanza, na kusajili mahali pa kazi kwao ni wajibu. Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, kinawapa wanachama wake ushauri wa sheria za kazi na mafunzo. Kina ada, na kwa saizi yako sasa hivi ningesubiri hadi uvuke ishirini. Anayekuuzia mashine mpya ya overloki mdai siku mbili za kumfundisha mtu wako kuifunga uzi, kuipaka mafuta na kubadilisha sindano, na liandikwe kwenye risiti.

Kuhusu muda: oda ni ya Januari, kwa hiyo mtu wa overloki anayetakiwa kuwa ameiva Novemba lazima awe amekaa kwenye kiti chako Septemba. Wazoefu wawili waajiri mwisho wa Oktoba, wanaojifunza waje mapema. Wiki hii fuata sare moja kwa daftari. Wiki ijayo chukua leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi na ile karatasi yako ya hatua, uende Chang'ombe asubuhi. Usiende peke yako. Mchukue fundi wako mkongwe, mkae wote wawili mbele ya mwalimu wa ushonaji, na ukimaliza kuulizia wanafunzi wa fildi, omba fomu ya urasimishaji na umpe kalamu ajaze mwenyewe.